Mraba Mwekundu Juu ya Ngitili ya Mama

Kazi yangu ni kuutazama udongo kutoka angani. Wenzangu niliosoma nao shule ya msingi, wale waliobaki kijijini, wanautazama wakiwa wamesimama juu yake, nami nimeelezwa kwamba hiyo si njia ya kitaalamu. Mimi natumia setilaiti. Inapita juu ya Shinyanga na Geita bila kumsalimia mtu, inapokea mawimbi yanayotoka ardhini, na baada ya hesabu nyingi naletewa tarakimu zinazoonyesha udongo wa mahali fulani ulikuwa na unyevu kiasi gani. Nikizipanga tarakimu za miaka mingi, naona nchi inavyobadilika. Inakauka. Mvua zinachelewa kuanza, zikianza zinakuja kwa hasira, na udongo haukai na maji kama zamani. Jirani yetu mmoja aliposikia hivyo aliniuliza kama ilinilazimu kupanda ndege kwenda kujifunza jambo hilo. Nikamjibu ndiyo, tena mara mbili.

Cheo changu ni mtafiti wa baada ya uzamivu. Maana yake nimemaliza kusoma kila kilichopo cha kusoma, nimevaa joho na kupigwa picha, lakini kwa kuwa hakuna aliyejua anifanyie nini, nimepewa meza, kiti na mkataba mfupi ili niendelee kusoma huku nikiitwa mfanyakazi. Kijijini kwetu, ndani ndani huko upande wa Bugarama, jambo hili halikueleweka, na siwezi kuwalaumu kwa sababu hata mimi silielewi vizuri. Wakachukua walichoweza kukibeba: mimi ni daktari. Mama akawa Mama Daktari. Watu wakaja na migongo yao na magoti yao, nikawaeleza kwamba mimi ni daktari wa udongo, wakanionea huruma na kurudi nyumbani na magoti yao.

Mama peke yake hakuwa na shaka nami. Ng'ombe waliotoka zizini ili mimi nisome alikuwa anawakumbuka mmoja mmoja kwa rangi zao, na nadhani aliona kwamba kuniamini ni njia ya kuendelea kuwafuga. Nikimwambia kwenye simu kwamba wiki hii hakuna mvua, anaanika mihogo yake juani na haianui hata wingu jeusi likiwa limekaa juu ya bati lake. Mara moja mvua ilinyesha ikailoanisha mihogo yote. Majirani wakamcheka. Mama akawajibu kwamba mvua ile haikuwa ya kwetu, ilikuwa inapita. Nilipomwambia kwamba tukitazama miaka ijayo ni afadhali mtama kuliko mahindi, alipanda mtama, ingawa najua kwamba ugali wa mtama anaula kwa kujilazimisha. Hakuwahi kuniuliza nimejuaje.

Mali kubwa ya mama ni ngitili. Kwa asiyetoka kwetu, ngitili ni eneo la malisho ambalo familia inalifunga mvua zinapoanza, ng'ombe asitie mguu, nyasi zikue zenyewe mpaka kiangazi, ndipo lifunguliwe wakati kwa wengine kumebaki vumbi. Ya mama imezungushiwa ua wa minyaa ambao marehemu baba aliupanda kwa mikono yake, ina migunga mikubwa ya kivuli, na katikati, penye bonde dogo, kuna kisima kifupi cha kuchota kwa ndoo na kamba. Ng'ombe wa mama wanavuka kiangazi hapo. Bila ngitili hakuna ng'ombe, na bila ng'ombe mama angelazimika kuja kuishi nami mjini Shinyanga katika chumba cha kupanga, ambako alikwisha kukaa kidogo akaniambia kwamba kuta zinamsogelea.

Sasa nieleze habari ya ramani.

Mradi wetu ulifanya warsha kwenye ukumbi wa hoteli moja pale Shinyanga. Lengo, kwa maneno ya kwenye bango, lilikuwa kurejesha matokeo kwa wadau. Wadau ni watu ambao hawakuombwa ushauri mwanzoni na sasa wanaombwa wapige makofi mwishoni. Walipewa chai, mifuko ya nguo yenye nembo, kofia, na kila mmoja ramani kubwa ya karatasi inayong'aa, yenye picha yangu pembeni nikitabasamu na koleo ambalo niliazima kwa ajili ya picha hiyo. Ramani ilikuwa ya miraba. Mraba wa kijani ulimaanisha udongo umeshika unyevu wake kwa miaka yote tuliyopima, wa njano unayumba, mwekundu unakauka. Kijiji chetu kilikuwa ndani ya mraba mwekundu uliokolea.

Kati ya wadau hao alikuwamo baba yangu mdogo, mdogo wake marehemu baba. Alichaguliwa kuwakilisha wakulima, kwa sababu ambazo wakulima hawakuambiwa. Alikaa mstari wa mbele, akauliza maswali mazuri, akaomba kupiga picha na mimi, na alipoondoka alikuwa na kofia kichwani, mfuko begani na ramani imeviringishwa chini ya kwapa. Nilimtazama akipanda basi nikajisikia vizuri. Nilijiambia kwamba hatimaye sayansi imefika kijijini.

Ilifika. Haukupita muda mrefu mama akanipigia simu. Mama hapigi simu kwa jambo dogo. Kwa jambo dogo anabipu. Aliniambia kwamba baba mdogo ameitisha kikao cha ukoo, amebandika ramani yangu kwenye ukuta wa nyumba yake, na anawaambia watu kwamba ngitili ya marehemu kaka yake imekufa. Setilaiti imesema. Haina maji, haina unyevu, ni ardhi ya bure iliyofungwa bila faida, na kwa bahati njema amepatikana mtu wa Geita aliye tayari kuichukua aweke karasha zake na mialo. Karasha ni mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na mialo ni mahali pa kuosha kilichosagwa, na mahali palipooshewa dhahabu hapaoti kitu cha kumfaa ng'ombe.

"Wanasema wewe ndiye umesema," mama aliniambia.

"Sikusema ngitili yetu, mama."

"Picha yako ipo."

Nilipanda basi kesho yake. Baba mdogo alinipokea kwa furaha, akaniitikia shikamoo yangu kwa marahaba ndefu, akaniketisha chini ya ramani yangu. Nikamweleza. Nilitumia sauti yangu ya kufundishia, ile ya polepole. Nilimwambia kwamba setilaiti haioni ngitili ya mtu. Inaona mraba mzima kwa mkupuo, na mraba mmoja umebeba kijiji chetu, vijiji jirani, barabara, mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa na kipande cha mgodi mkubwa. Inachanganya vyote hivyo na kutoa rangi moja. Ngitili ya mama ni punje ndani ya debe.

"Kwa hiyo setilaiti ilidanganya," alisema.

"Haikudanganya. Eneo zima linakauka kweli. Ila ngitili—"

"Ngitili imo ndani ya eneo zima au haimo?"

"Imo."

"Basi, binti yangu, tunabishana nini?" Akanimiminia chai. "Wewe umesoma. Sisi tunafuata wasomi. Miaka yote mnatulaumu kwamba hatufuati."

Nimewahi kutetea tasnifu yangu mbele ya maprofesa watano wenye sura za kufiwa na sikubanwa namna ile. Nikatoka nje nikampigia bosi wangu, profesa anayeishi nchi ambako udongo umefunikwa na lami na unaonekana zaidi kwenye vyungu vya maua. Alisikiliza kwa uvumilivu. Akaniambia kwamba mraba hauwezi kubadilishwa kwa ajili ya mama yangu, jambo ambalo sikuwa nimeliomba, kisha akasema kwamba kama nina wasiwasi na sehemu hiyo nichukue sampuli za udongo, nizipime maabara, niwe na ushahidi. Alisema pia kwamba jambo lenyewe ni la kuvutia na huenda likawa makala.

Basi nikachukua sampuli. Asubuhi ile niliifurahia, nakiri. Niliingia ngitili na kekee ya udongo, nikatoboa hapa na pale chini ya migunga na kwenye bonde karibu na kisima. Juu udongo ulikuwa mkavu, lakini ukishuka kidogo tu ulitoka mweusi, wa baridi, unaoshikana ukiufinya. Niliutia kwenye mifuko ya nailoni, nikafunga mdomo wa kila mfuko kwa utepe ili unyevu usitoke, nikaandika juu yake umetoka wapi na kwa kina gani. Mpango ulikuwa kuupeleka kwenye maabara ya kuazima Shinyanga, kuupima ukiwa mbichi, kuukausha kwenye tanuri, kuupima tena, na tofauti ndiyo maji. Kisha ningerudi kikaoni na karatasi yenye mhuri na kumnyamazisha baba mdogo.

Mtu aliyezaliwa nchi ya dhahabu anapaswa kujua kwamba hapakatizwi hapa na begi lililojaa mifuko midogo ya udongo iliyofungwa vizuri na kuandikwa kina. Nilikuwa nimekaa ng'ambo mno. Tulipofika kwenye kizuizi cha barabarani, kijana mmoja mwenye kizibao cha kung'aa aliingia ndani ya gari, akafungua begi langu, akasimama.

"Hii ni nini?"

"Udongo."

"Naona ni udongo. Una nini?"

"Una maji."

Akamtazama mwenzake. "Dada, wewe unatoa udongo Bugarama unaupeleka mjini kwa sababu ya maji?"

"Ndiyo. Tena si mengi."

Nikateremshwa. Gari likaondoka. Niliwaonyesha kitambulisho cha chuo, wakakisoma kwa heshima na kukiweka pembeni. Mkubwa wao alinyanyua mfuko mmoja akasoma maandishi yangu, "bondeni, sentimita thelathini", akatikisa kichwa na kuniuliza kama huko kwetu dhahabu iko juu hivyo. Nikamwambia hakuna dhahabu. Akaniambia kwamba wote wanaopita hapo husema hivyo. Ikaamuliwa asubiriwe mtu anayeyajua mawe. Na ili mambo yawe wazi, kila kitu kionekane, wakaleta turubai, wakafungua mifuko yangu mmoja baada ya mwingine, na kuutandaza udongo wa ngitili ya mama juani.

Nilikaa pembeni kwenye jiwe nikiangalia ushahidi wangu ukipanda hewani. Niliwaomba waufunike. Wakanitazama kwa mashaka zaidi. Nilipojaribu kueleza kwamba kinachotoka pale ndicho nilichokuja kukipima, yule kijana wa kizibao aliniambia nisihofu, hakuna kitakachotoka pale wao wakiwa wanalinda.

Mtaalamu alifika jua likiwa limeshafanya kazi yake. Alikuwa mtu mzima mwenye karai na dumu la maji. Alichukua udongo konzi kwa konzi, akauosha kwenye karai kwa kuuzungusha, akainamia, akazungusha tena, na mwisho akaja kukaa karibu yangu. Aliniambia kwa upole, akikwepa macho yangu, kwamba amejitahidi sana lakini udongo wangu hauna kitu. Alisema nisikate tamaa, nijaribu upande wa Kharumwa. Wakanisaidia kuurudisha kwenye mifuko, nusu ukiwa unga na nusu ukiwa tope, wakanisimamishia basi na kunitakia safari njema.

Kikao kilikuwa siku iliyofuata. Nilirudi kijijini na begi la unga na tope, bila karatasi, bila mhuri. Mama hakuniuliza kulikoni. Alikuwa amefagia uwanja na kupanga viti, hata vya wale waliokuja kumnyang'anya.

Wazee wa ukoo walikaa upande wa kivuli. Baba mdogo alikuja na ramani. Kisha, jambo ambalo baba mdogo mwenyewe hakulitaka, maana alitoka jasho alipoliona, mnunuzi, yule mtu wa Geita, naye akaja. Alikuwa mtu wa heshima zake, mabuti safi, shati limepigwa pasi. Alimwamkia mama kwa kuinama, akasema kwamba yeye ameumwa na migogoro ya ardhi huko nyuma na siku hizi hachukui mahali kabla hajausikia ukoo wote ukisema kwa mdomo wake. Akaomba kwanza akaonyeshwe kisima.

Tukaenda wote mpaka bondeni. Akatupa kijiwe kisimani, akasikiliza.

"Mzee alinihakikishia kwamba hiki hakikauki hata kiangazi," alisema. "Mashine zangu zinakunywa. Bila maji mimi sina kazi hapa."

Wazee wakamtazama baba mdogo. Baba mdogo akatazama migunga. Wiki nzima alikuwa amewaambia ukoo kwamba ardhi hii haina maji, na kumbe wiki hiyohiyo alikuwa amemwambia mnunuzi kwamba maji hayaishi. Habari mbili hizo zilikuwa zimeishi kwa amani kila moja upande wake, na sasa zimekutana kisimani mbele ya watu. Alinigeukia akiwa na sura ya kuomba nisiseme kitu. Nami tangu nizaliwe sijawahi kuhisi hamu ya kusema kama nilivyohisi pale.

"Baba," nilimwambia, "naomba hiyo ramani."

Hakuwa na namna ya kuninyima. Nikaifungua, nikawapa wazee wawili washike pembe, nikasimama mbele yake kama kwenye ukumbi wa warsha.

"Hii ni kazi yangu," nilisema. "Imefanywa kwa setilaiti, kwa miaka mingi, na imepitiwa na wataalamu wa nchi mbalimbali. Baba mdogo ameileta hapa kwa sababu anaheshimu utaalamu, nami namshukuru. Tupo hapa, ndani ya mraba huu. Mraba ni mwekundu. Maana yake udongo wa hapa unakauka mwaka hadi mwaka. Setilaiti haioni maji mahali hapa."

"Na haya yaliyomo kisimani?" mnunuzi aliuliza.

Niliyatazama maji. Yalikuwa pale, meusi, na kivuli changu ndani yake.

"Kwa mujibu wa ramani, hayapo. Haya ni ya kupita."

Sikusema uongo hata neno moja kuhusu setilaiti. Setilaiti haikuona maji pale, na isingeyaona hata kama bahari ingekuwa imelala chini, kwa sababu macho yake yanaingia ardhini kina cha kidole tu. Habari ya kidole niliiacha. Hakuna aliyeniuliza kuhusu kidole.

Mnunuzi alitazama ramani, akatazama picha yangu pembeni ya ramani, akanitazama mimi. Alimuuliza mzee mmoja kama kweli mimi ni daktari, akaambiwa ni daktari kabisa, wa huohuo udongo. Akatushukuru, akamuaga mama, akamwambia baba mdogo kwamba watazungumza, kwa sauti ya mtu asiyekusudia kuzungumza, na akaenda kwenye gari lake. Baadaye nilisikia kwamba alipata mahali upande wa Nyang'hwale.

"Umeniharibia," baba mdogo aliniambia wengine walipotangulia.

"Mimi? Nimesoma ramani uliyoileta."

Nilicheka peke yangu ndani ya basi mpaka Kahama. Miaka yote ile ya masomo, makala zote zile zilizosomwa na watu sita, na siku moja tu utafiti wangu ulipomsaidia binadamu ulimsaidia kwa ubovu wake. Mama alikuwa amenifungia karanga kwenye kitambaa wakati wa kuondoka. Alikuwa kimya, nikauhesabu ukimya wake kuwa furaha. Nilikuwa na haraka, kulikuwa na ripoti ya mradi ya kumalizia, sehemu inayoitwa athari kwa jamii.

Miezi ikaenda. Nilikuwa nampigia mama, naye ananijibu alivyonijibu siku zote. Hajambo. Nyumba haijambo. Ng'ombe?

"Hawajambo, wanakula vizuri."

Nilikwenda kumwona kiangazi kikiwa kimeshika, wakati ambapo ngitili huwa imeshafunguliwa zamani na nyasi zimebaki vishina. Nilipopita kwenye mwanya wa minyaa nilisimama. Nyasi zilikuwa kiunoni. Kavu, nene, zimelala kwa uzito wake, hakuna ng'ombe aliyetia mdomo. Zizi lilikuwa tupu na samadi yake imekauka. Mama hakuwapo nyumbani. Nilimkuta njiani akitoka kwenye lambo la kijiji, ambalo liko mbali na kiangazi hubaki tope, ndoo kichwani na majani juu ya maji yasimwagike.

Nilimpokea ndoo. Nikamuuliza ng'ombe wako wapi.

"Si nilikwambia hawajambo? Wako Ushirombo kwa mjomba wako. Niliwapeleka mapema."

"Kwa nini, mama?"

Alinitazama akishangaa swali lenyewe. "Wewe si ulisema maji ni ya kupita? Mbele ya watu wote. Nikaona niwatoe wakiwa bado na nguvu za kutembea, wasije wakafia hapa. Yule mwenye baka hakufika, alianguka njiani. Wengine wazima."

"Na kisima?"

"Nimekifunika miiba. Yaliyobaki nayatunza. Siku nikiugua nishindwe kwenda lambo, nitachota hayo."

Tulifika nyumbani. Niliiweka ndoo chini nikaenda moja kwa moja bondeni, mama nyuma yangu akiniuliza nina nini. Nilitoa miiba kwa mikono mitupu. Nikatazama ndani. Maji yalikuwa juu kuliko siku ya kikao, maana hakuna aliyekuwa anayachota.

Nililia pale, sioni sababu ya kuficha. Kisha nikamketisha mama kwenye ukingo nikamweleza yote, habari ya mraba, habari ya punje na debe, habari ya kidole ambayo sikuisema siku ile. Nikamwambia kwamba nilikuwa nasema na mnunuzi. Kwamba maji hayakuwa ya kupita, hayajawahi kuwa ya kupita.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ikamchukua muda kuyapanga kichwani. Halafu akaanza kucheka, kidogo kidogo, kisha kwa mwili wote, akijipiga paja na kufuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Kumbe ulikuwa unamfukuza," alisema. "Mayu, mama wee, na mimi nikakimbia naye."

Nikacheka pia. Kwa muda huo mfupi tuliokaa pale nilidhani mambo yamekwisha, tutafuata ng'ombe Ushirombo, maisha yataendelea. Mama alivuta pumzi. Uso wake ulikuwa umekunjuka, umekuwa kama wa msichana, na alinishika mkono.

"Basi na yale mengine," alisema. "Kwamba mvua zinapungua. Kwamba nchi inakauka, nisilime mahindi. Nayo ulikuwa unamfukuza nani?"

Nilielewa kwamba amekwisha kuifungua mbegu ya mahindi kichwani, ameshaipanda, ameshaila. Nilitamani kumwachia mahindi hayo.

"Hapana, mama. Yale ni kweli."

"Uliyaona wapi?"

"Kwenye ramani."

"Ileile?"

"Ileile."

Mkono wake ukalegea, lakini hakuutoa. Alitazama maji, akanitazama mimi, na nilimwona kwa mara ya kwanza akifanya jambo ambalo jirani zake wote walikuwa wakilifanya miaka yote, akinipima.

"Sasa siku nyingine nitajuaje," aliuliza, "kama unasema na mimi au unasema na mnunuzi?"

Kabla sijajibu mama aliinuka, akaenda nyumbani kuchukua ndoo ya kisimani na kamba, na aliporudi akaniambia nishike ncha ya pili ya kamba, tuchote.